Mgono Uliotazama Ziwani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani? Hiyo ni ya watu waliomaliza ugali wangu na sasa wanataka kulala. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimeamini mpo. Koku, sogea umpishe babu yako akae. Na ninyi wakubwa mliojiegemeza huko nyuma mkijifanya mnasubiri chai, hadithi hii ni yenu pia. Pengine ni yenu zaidi.

Hapo zamani za kale palikuwa na mto. Mto ulitoka milimani, ukateremka, ukapita mbugani, ukaingia ziwani. Pale ulipoingia ziwani paliota mafunjo mengi. Na ndani ya ziwa alikaa samaki aitwaye Ningu.

Ningu mnamjua? Hammjui. Babu yenu anamjua, mtazameni anavyomeza mate. Ningu ni samaki wa wastani, mdomo wake uko chini, mnene, wa kukwangulia mawe. Hana makuu. Mwaka mzima anakaa ziwani analamba jiwe lake, hagombani na mtu. Lakini masika yakianza, Ningu hakai.

Mvua inanyesha kule milimani. Mto unajaa. Maji yanakuwa mekundu, yanashuka na harufu ya udongo mpya, yanaingia ziwani. Ningu anainusa ile harufu. Anaacha jiwe lake. Anamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia mwenzake. Wanakusanyika mdomoni mwa mto, majike mbele na mayai yao, madume nyuma, halafu wanapanda. Chwa, chwa, chwa, wanashindana na maji. Wanapanda mpaka mbugani, mahali mto umefurika na majani yamefunikwa. Huko wanataga. Mvua ikikatika wanashuka, wamekonda, na watoto wao wanashuka nao.

Majirani zao wa ukingoni hawakuwa na habari hiyo. Wao walimzoea Sato, ambaye hulea watoto wake kinywani, kila mtu anawaona. Basi walidhani kila samaki ni Sato. Wakimwona Ningu anapanda na tumbo kubwa, anarudi na tumbo dogo, walisema huyo alikwenda kutembea, na huko alikokwenda walimnyima chakula.

Sasa. Mdomoni mwa mto aliishi Fisi-maji. Manyoya laini, masharubu marefu, mkia mnene, mikono isiyotulia. Alikuwa mtu mwema. Nasema mtu, mtanisamehe. Alimpenda mkewe, aliwapenda watoto wake, na alipenda kusifiwa. Hilo la mwisho lishikeni.

Kazi yake ilikuwa migono. Mgono ni mtego wa kufuma kwa fito, mdomo mpana, mkia mwembamba, na samaki akishaingia hatoki. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na amri moja: mgono hutazama mlimani. Yaani mdomo wa mgono unaelekezwa kule mto unakotoka. Ningu akipanda anaukuta mkia, anaupita pembeni, anaendelea na safari yake. Akishuka ndipo anapoingia. Fisi-maji alipokuwa mdogo aliwahi kuugeuza mmoja kwa kucheza. Baba yake akamchapa, pa! Mtoto akauliza, kwa nini, baba? Baba akasema, kwa sababu nimesema. Halafu baba akazeeka, akafa, akaondoka na sababu yake.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, mama mkwe wa Fisi-maji akaja kumtazama binti yake. Kule kwao mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Hawasemeshani. Fisi-maji akitaka kumwambia mama mkwe neno, anageuka, anatazama pembeni, anamwambia mkewe. Mkewe anamwambia mama yake. Hata kama wote watatu wamekaa mkeka mmoja. Ndiyo heshima yao, msiwacheke.

Mama mkwe akaandaliwa kaa. Akala kidogo, akanawa. Akamwambia binti yake kwamba nyumbani kwao, wakati kama huu wa mvua, mgeni hupewa ningu mwenye mayai. Hakuomba. Alisema tu. Lakini mwenye mkwe anajua maana ya kusema tu.

Fisi-maji akatoka. Akafika kwenye migono yake. Akatazama huku, akatazama huku. Akageuza mmoja. Kwii! Mdomo ukatazama ziwani. Hajamaliza hata kukung'uta maji masharubuni, ningu akaingia. Chubwi! Mnene, tumbo limejaa.

Mama mkwe akala. Akalamba vidole. Akasema kwa sauti, ili na walio nje wasikie, kwamba sasa ameamini binti yake ameolewa.

Enyi wanaume mlio hapa, mnajua neno hilo linavyoingia. Fisi-maji alitembea amevimba kifua wiki nzima.

Mwaka uliofuata mama mkwe akaja tena. Fisi-maji akageuza migono miwili. Kwii, kwii. Chubwi, chubwi. Jirani yake Kenge akasikia harufu, akaja kuomba aonje, akaonja, akaenda kugeuza wake. Korongo akaona, naye akageuza wake. Mayai ya ningu ni matamu, sitawadanganya. Na kwa nini umngoje samaki aende anakokwenda, arudi amekonda, na wewe unaweza kumpata amenona mlangoni kwako? Walijiona wana akili kuliko baba zao. Kwii, chubwi. Kwii, chubwi. Mwisho wakaona nafasi kati ya mgono na mgono inapitisha samaki bure. Wakaiziba kwa uzio wa matete, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule.

Ningu wakaanza kupungua.

Wakafanya mkutano. Kenge akasema ni Kiboko, anachafua maji. Korongo akasema ni Sangara, yule mgeni aliyekuja ziwani, anameza kila anachokiona. Mwingine akasema mvua za siku hizi si mvua. Na kweli Sangara anameza, sikatai. Lakini hakuna aliyeutazama mgono wake. Wakaamua kwamba Kiboko asipite tena mdomoni mwa mto. Kiboko akasikitika, maana ndiyo ilikuwa njia yake ya malishoni, lakini ni mpole, akawa anazunguka kwa mbali. Na kwa kuwa samaki wamepungua, wakaongeza migono. Mnacheka? Ndivyo walivyofanya.

Miaka ikaenda. Masika mengine yakaja, na mke wa Fisi-maji akajifungua mtoto wa kike, baada ya madume matupu. Furaha ilikuwaje! Fisi-maji alimbeba akamzungusha kwa majirani wote, hata kwa wale asiopatana nao. Lakini mtoto hakuwa na jina. Kwao mtoto wa kike hupewa jina na bibi mzaa mama, na bibi hatoi jina mpaka akaribishwe, ale, ashibe, ndipo amshike mjukuu. Habari ikapelekwa ghuba ya pili, kwao mkewe. Mama mkwe akajibu kwamba anakuja, na safari hii anakuja na dada zake.

Fisi-maji akajua anatakiwa kuandaa nini.

Akaenda kwenye migono. Mitupu. Kesho yake, mitupu. Mto umejaa, maji mekundu, harufu ya udongo inashuka kama kawaida yake, na mdomo wa mto kimya. Akakaa ndani ya maji amekunja mikono. Mtoto hana jina, mama mkwe yuko njiani, na ningu hakuna.

Asubuhi ya siku ya wageni, mgono mmoja ukatikisika.

Chubwi.

Fisi-maji akauinua. Ndani yake alikuwamo Bi Ningu, mkubwa, tumbo limejaa mpaka ngozi inang'aa. Nje ya uzio madume machache ya ningu, membamba, yamesimama yanamngoja, hayajui yaende wala yabaki.

Fisi-maji alifurahi. Akaingiza mkono mgonini. Bi Ningu hakurukaruka. Akamtazama, akamsalimia.

"Shikamoo, mzee. Si wewe unayekaa hapa mlangoni?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Afadhali nimekupata. Nataka kukuuliza. Wenzangu umewaona wakipita?"

Fisi-maji akautoa mkono mgonini.

Bi Ningu akamweleza taratibu. Akasema wao hawapandi mmoja mmoja. Yeye miaka ya karibuni hakuwa na mayai, hakuondoka kwenye jiwe lake. Alinusa udongo, akaacha jiwe lake, akaja kuwangoja wenzake hapa mdomoni, ndivyo wanavyofanya kila mwaka. Akangoja, akangoja. Shangazi zake hawakuja. Dada zake hawakuja. Binti wa jirani, ambaye mwaka huu ndiyo ilikuwa apande kwa mara ya kwanza, alikuwa na hamu mpaka hali chakula, naye hakuja. Basi akadhani amechelewa. Akadhani wametangulia, wako mbugani wameshataga, wamekaa wanamcheka.

"Maana siku zote tulikuwa wengi," akasema Bi Ningu. "Tukipanda, maji hayaonekani. Wewe unakaa hapa, mzee. Walipita?"

Hapo, wanangu, Fisi-maji akaona aibu, ile aibu inayoanzia tumboni. Aliwakumbuka wale shangazi. Alikumbuka walivyokuwa watamu.

"Hawakupita," akasema.

Bi Ningu akauliza, basi wako wapi? Fisi-maji akamgeuzia swali, akamuuliza kwani huko juu huwa wanakwenda kufanya nini. Bi Ningu akashangaa mtu mzima hajui jambo hilo. Akasema anakwenda kuzaa. Mayai yake hayawezi kukaa ziwani, yanataka maji mapya yaliyolala juu ya majani, na maji hayo hayakai. Mvua ikikatika, mbuga inakauka, na mayai yatamfia tumboni.

"Kila ningu uliyewahi kumwona," akasema, "huko ndiko alikozaliwa."

Ndipo Fisi-maji akaijua sababu ya baba yake. Aliijua amechelewa, amekaa majini na mgono mikononi, na nyuma yake anasikia sauti za wageni wakishuka ukingoni.

Mama mkwe akatokea, na dada zake, na mke wa Fisi-maji amembeba mtoto, na Kenge na Korongo ambao hawakualikwa. Mama mkwe akauona mgono. Akaliona lile tumbo. Uso ukachanua. Akamwambia binti yake kwamba mumewe hajabadilika, Mungu amweke.

Fisi-maji akageuka, akatazama mafunjo.

"Mama watoto," akasema, "mwambie mama, huyu haliwi."

"Mama, anasema huyu haliwi."

"Muulize, ni mgonjwa?"

"Mama anauliza, ni mgonjwa?"

"Mwambie si mgonjwa. Anakwenda kuzaa."

"Anasema anakwenda kuzaa."

"Mwambie mumeo," akasema mama mkwe, "wote niliokula hapa walikuwa wanakwenda kuzaa. Ndiyo utamu wenyewe."

Mke akafungua kinywa apeleke neno. Akakifunga. Yeye mwenyewe alikuwa amejifungua juzi tu. Akamtazama Bi Ningu, akamtazama mtoto kifuani kwake.

Neno limekwama katikati, hakuna wa kulipeleka.

Basi Fisi-maji akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa katika ukoo wake. Aligeuka. Akamtazama mama mkwe wake machoni.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nimebaki na huyu mmoja. Wengine tumewala mimi na wewe."

Dada za mama mkwe wakafunika nyuso. Korongo akataka kuruka aondoke, akasahau mbawa zinafunguliwaje. Mama mkwe akachukua mkoba wake. Hakumshika mtoto, hakutoa jina. Akapanda ukingo, dada zake nyuma yake, wakaenda zao bila kula hata kaa. Mke wa Fisi-maji akalia, na mimi simlaumu.

Fisi-maji akambeba Bi Ningu, akamvusha upande wa juu wa uzio, akamwachia. Lakini madume bado yako nje, na Bi Ningu peke yake huko juu atafanya nini? Fisi-maji akamwomba Kenge waondoe uzio. Kenge akakataa, akasema uzio ni wa wote na yeye hajaona sababu. Korongo akasema angependa kufikiri kwanza. Maji ya mbugani hayangoji Korongo afikiri.

Basi Fisi-maji akaogelea mpaka kwa Kiboko. Akamwomba radhi kwa yale ya kwenye mkutano, akasema walimsingizia. Halafu akamwambia kwamba njia yake ya zamani imefunguliwa, apite.

"Leo?" akauliza Kiboko.

"Sasa hivi, kaka."

"Na ule uzio?"

"Uzio gani?" akasema Fisi-maji.

Kiboko akaja. Hakukimbia, hana haraka yule. Krakata. Krakata. Krakata. Uzio ukaenda na maji, na migono ya Kenge, na ya Korongo, na ya Fisi-maji mwenyewe. Na nyuma ya makalio ya Kiboko madume ya ningu yakapita, chwa, chwa, chwa, yakamfuata Bi Ningu. Kenge alikasirika sana. Hata leo mkimkuta ukingoni mtaona bado anatoatoa ulimi kwa hasira.

Nyumbani kwa Fisi-maji zikafuata siku ngumu. Walikula kaa, wakala kaa, wakala kaa. Mtoto aliitwa "wewe". Mkewe hakumlaumu, lakini alikuwa akitazama upande wa ghuba ya pili, na Fisi-maji akimwona anatazama alijisikia vibaya. Kila asubuhi alitoka kuonja maji. Mvua ilipokatika alishikwa na hofu. Akahesabu moyoni, wamefika, hawajafika, wametaga, hawajataga. Maji yakaanza kupungua, yakaacha wekundu, yakawa meupe. Hakuna kilichoshuka ila majani.

Siku moja alikuwa amesimama majini na mtoto mgongoni. Kitu kikamtekenya mguuni. Akainua mguu. Kikamtekenya mguu wa pili. Akainama kutazama.

Walikuwa watoto wa ningu. Wadogo, ukubwa wa ukucha, wengi mpaka mchanga wa chini hauonekani. Walikuwa wakipita katikati ya miguu yake, wakigongana na vidole vyake, wakimzunguka. Fisi-maji akacheka na machozi yakamtoka, yote pamoja. Akamshusha mtoto mgongoni awaone.

Nyuma yao akaja Bi Ningu, amekonda mpaka kichwa kimeushinda mwili. Akasimama.

"Wenzangu sikuwakuta huko," akasema.

"Najua. Ni mimi niliyewala."

Watoto wake wakaendelea kupita kati yao wawili.

"Hawa usiwaguse," akasema.

"Sitawagusa."

Bi Ningu akashuka ziwani, hakuaga. Na Fisi-maji hakutegemea aagwe.

Alipoinua macho akamwona mama mkwe wake. Alikuwa amekaa ukingoni peke yake, mkoba mapajani. Sijui alifika saa ngapi. Hamu ya mjukuu ilimshinda, akatoka kwake bila kuwaaga dada zake, na sasa alikuwa anatazama mtoni, macho yanakwenda na wale wadogo. Fisi-maji akageuka haraka, akatazama mafunjo, akataka kumwita mkewe aje apokee maneno.

"Mwache, amelala," akasema mama mkwe. "Niambie wewe. Hawa wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda ziwani kukua, mama."

"Wakishakua?"

"Watarudi hapa masika, wakapande kuzaa."

Mama mkwe akawatazama mpaka wa mwisho akapita.

"Basi na mimi nitakuja masika," akasema. "Sitakula. Nitakaa hapa niwatazame wakipanda."

Akashuka majini na nguo zake, akanyoosha mikono. Akamshika mtoto. Akampa jina lake yeye mwenyewe.

Fisi-maji hakula ningu mwaka ule. Wala uliofuata. Wala mwingine. Watoto wake walipokuwa wakubwa na ningu wamekuwa wengi, akafuma migono mipya, michache, akaielekeza mlimani na kuacha njia katikati. Mmoja wao akauliza, kwa nini, baba? Fisi-maji akaacha kazi. Akamkalisha chini. Akamweleza yote, hata lile la shangazi zake Bi Ningu, lililomuuma kulisema.

Fundisho lake ni hili. Samaki anayepanda kuzaa mwachieni njia. Mngojeni ashuke, na hapo mchukue kiasi. Na ukimpa mtoto amri mpe na sababu yake, usije ukafa nayo. Na ninyi mnaotandaza nyavu mdomoni mwa mto mvua zikianza, nawajua kwa majina, mmekaa hapo nyuma mnatazama vidole vyenu vya miguu. Sina ugomvi na ninyi. Nawapenda, na wajukuu wangu hawajawahi kumwona ningu.

Hadithi yangu imeishia hapo, mdomoni mwa mto, na njia iko wazi.